Deni la Jasho

Jasho ni mali itokayo mwilini bila ya hesabu. Mkulima hulifuta kwa kiganja, mkata mkonge hulipangusa kwa upindo wa shati, wala hapana aliulizaye limechukua nini. Walakini jasho haliondoki mikono mitupu. Aliyelionja mdomoni ajua kuwa lina ladha ya chumvi, na ladha ile ni hati ya deni. Deni likikawia kulipwa, mdai huja mwenyewe, adhuhuri shambani au usiku kitandani; huushika msuli wa shavu la mguu akaukaza kama kamba, na mtu mzima mwenye nguvu akalia kama mtoto.

Mdai huyo ajulikana sana Korogwe na Handeni. Korogwe imelala katika bonde la mto Pangani, chini ya milima ya Usambara, na joto la bonde hilo huwa kali tangu Desemba hata Machi. Handeni iko kusini yake, katika nchi ya Wazigua, ambako mvua ni za kubahatisha na maji ya kunywa yamekuwa shida ya vizazi vingi. Hata katika miaka ya 1970 likajengwa bomba la kuyaleta maji ya mto Pangani huko. Katika nchi hizi mbili watu wengi hula kwa jasho la jembe au la kisu cha mkonge.

Miche ya mkonge ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Baadaye Magunga, Ngombezi na Hale yakawa majina ya mashamba yaliyotajwa mbali. Wakati wa utawala wa Waingereza walikuja huko watu wa mikataba kutoka Kigoma, Songea na kwingineko, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Kazi ya mkata mkonge ilipimwa kwa ngwe, na majani yalifungwa matita yakahesabiwa. Mguu ukikakamaa katikati ya mistari, tita halitimii. Na tita lisipotimia, ujira hautimii. Ni rahisi kwa msimamizi kuuita mkakamao uvivu, na kwa jirani kuuita jicho la hasidi. Mwenye kuumwa hubaki kati ya lawama mbili, na zote mbili hazimponyi.

Elimu ya mwili yaeleza hivi. Katika damu na misuli mna chembe za chumvi za namna mbalimbali zenye kuchukua umeme, nazo huitwa elektroliti. Sodiamu na potasiamu hupishana katika kuta za seli, na kwa kupishana huko neva hupeleka amri zake. Kalsiamu huukaza msuli, na magnesiamu husaidia kuulegeza. Afanyaye kazi nzito juani aweza kutoka jasho lita 1 au zaidi kwa saa moja. Kwa wastani lita hiyo huchukua gramu 1 hivi ya sodiamu, sawa na gramu 2 na nusu za chumvi ya mezani, ijapokuwa watu hawalingani. Potasiamu itokayo ni kidogo sana.

Kwa hiyo anywaye maji matupu mengi hulipa nusu ya deni, akaizimua chumvi iliyobaki mwilini. Mwaka 1923 K. N. Moss aliwaeleza wachimba makaa wa Uingereza waliofanya kazi katika mashimo yenye joto: walitoka jasho jingi, wakanywa maji mengi, wakakakamaa, na chumvi ilipotiwa katika maji yao, wakapata nafuu. Aliyeng'olewa katika nchi ya Kigoma, karibu na chemchemi za Uvinza ambako watu walichemsha chumvi tangu zamani, hangeshangazwa na habari hiyo.

Lakini chumvi isipewe sifa isiyo yake. Mwanzoni mwa karne hii wakimbiaji wa mbio za kilomita 56 huko Afrika Kusini walipimwa damu zao, na waliokakamaa hawakuonekana kuwa na upungufu wa maana wa elektroliti kuliko wenzao. Mtaalamu Martin Schwellnus alikuwa amekwisha sema mwaka 1997 kuwa uchovu wenyewe huvuruga amri za neva kwa msuli. Tena kila mtu aweza kushuhudia kuwa msuli ukinyoshwa polepole hulegea baada ya muda mfupi, kabla ya chumvi yoyote kumezwa. Vidonge vya magnesiamu navyo, vinunuliwavyo kwa fedha nyingi, vilichunguzwa katika uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2020, ikaonekana kuwa yamkini haviwafai wazee wanaokakamaa usiku.

Basi wadai ni watatu: maji, chumvi na pumziko. Wa kwanza na wa pili hulipwa jikoni. Haba na haba ya maji tangu asubuhi ni bora kuliko kata kubwa ya adhuhuri. Uji uliotiwa chumvi kidogo, bada na kisamvu, maharage na ndizi humrudishia mtu sehemu kubwa ya kilichopotea. Dafu ni kinywaji chema chenye potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni chache, na kwa hiyo peke yake halitoshi. Jasho likizidi, lita 1 ya maji safi yenye sukari vijiko 6 vidogo na chumvi nusu kijiko kidogo yafaa, kwa maana sukari husaidia kuipitisha chumvi katika ukuta wa utumbo. Asiyetoka jasho jingi hana deni la kulipa kwa chumvi: Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asile hata gramu 5 kwa siku, na mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo amwulize mganga wa hospitali kwanza. Na mtu aliyeanza kuweweseka au kuzimia kwa joto asilishwe chumvi. Apelekwe kivulini, apozwe kwa maji, akimbizwe hospitali.

Mdai wa tatu ni mgumu, kwa sababu maskini hana pumziko la kumlipa. Mwenye kupimiwa ngwe hawezi kukaa kivulini kwa hiari yake. Kila dakika ya kivuli hukatwa katika chakula cha watoto wake. Hapo deni huhama kutoka kwa mtenda kazi likamwendea mtoa kazi. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri awape watu wake maji safi ya kunywa. Utu wamtaka aongeze kivuli, na saa ya kupumzika isiyokatwa ujira.

Dawa ya deni ni kulipa. Wahenga hawakusema alipe nani. Lakini jasho likimwagwa na mmoja likamfaidi mwingine, ni haki wote wawili waingie katika hesabu.