Chimba Mtaro wa Pili

Nimezeekea kwenye madramu ya kiwanda cha ngozi huko Athi River, na haya ninayoyashuhudia nimeyaona mwenyewe, sikuhadithiwa.

Zamani mtaro wetu ulikuwa mmoja. Ngozi mbichi hulowekwa kwanza itoke chumvi na damu, kisha hutiwa chokaa na sodiamu salfaidi ili manyoya yaachie. Baadaye huingia kwenye asidi, halafu kromu, ikatoka na rangi ya buluu. Tani moja ya ngozi huweza kumaliza lita 30,000 za maji. Yote hayo, ya chokaa na ya asidi, yalikutana mtaroni, yakaishia kwenye bwawa moja. Wakubwa waliamini kwamba ukimwaga shabu ya kutosha bwawani, uchafu wote utatuama. Uliotuama ni tope la sumu, na maji ya juu yalinuka mayai viza.

Harufu hiyo ilikuwa onyo. Salfaidi ikikutana na asidi huzaa gesi ya haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo ikizidi, pua hufa ganzi: huisikii tena, unadhani imepungua, kumbe ndiyo inakumaliza. Mwenzetu mmoja aliyeteremka kuzibua shimo alitolewa amezimia. Alipona, lakini kazini hakurudi.

Ndipo kiwanda kikaleta mkemia, binti wa umri wa wanangu. Alipokagua mtaro akaniuliza, "Mzee wangu, mbona mnachanganya kwanza, ndipo mtafute dawa?"

Tukatenganisha mabomba. Maji ya chokaa sasa yana tangi lake. Hupulizwa hewa, pamoja na manganisi salfeti kidogo ya kuharakisha kazi, mpaka salfaidi iishe makali. Maji ya kromu nayo hukusanywa peke yake. Kwa utengenezaji wa kawaida, karibu theluthi moja ya kromu hainaswi na ngozi, hubaki majini. Tunatia magnesiamu oksaidi hadi pH ifike kati ya 8 na 9, kromu inajitenga na kuzama ikiwa tope la kijani. Tope hilo tunaliyeyusha kwa asidi ya salfuriki, likarudi kwenye dramu kutengeneza ngozi nyingine. Hapo hata mhasibu, ambaye hajawahi kukanyaga mtaroni, alielewa kwamba tulikuwa tukimwaga fedha mtoni.

Baada ya hatua hizo ndipo maji yote hukutana, yakatiwa shabu, yakatuama, kisha yakapelekwa kwenye matangi ya hewa ambako bakteria humaliza uchafu uliosalia. Shabu ile ile iliyotushinda zamani leo inafanya kazi, tena kwa kiasi kidogo. Tope la mwisho hukamuliwa na kupelekwa kwenye jaa lenye kibali, si shambani kwa mtu.

Chumvi bado ni mtihani, kwani hakuna dawa kati ya hizi inayoiondoa majini. Kwa hiyo tunaikung'uta ngozi kabla ya kuiloweka.

Mto Athi hauishii kwetu. Huko chini huitwa Galana, kisha Sabaki, nao huingia baharini karibu na Malindi. Njia nzima kuna watu na mifugo wanaoutegemea. Basi wewe mwenye kiwanda, kabla hujaagiza gunia jingine la shabu, chimba mtaro wa pili.