Kanyaruchinya: Shilingi ya Bibi Isisuguliwe kwa Majivu



Ukitoka Goma kwa barabara ya Rutshuru, unakuta Kanyaruchinya chini ya Nyiragongo. Mawe ni meusi, udongo ni haba. Mwaka 2022 maelfu ya familia zilizokimbia vita zilipanga vibanda vya turubai hapa. Zilibeba zilichoweza: mtoto, sufuria, godoro. Na mara nyingine, ndani ya fundo la kitambaa, shilingi ya bibi.

Ni shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoletwa na wazee waliovuka Bunagana kwenda kutafuta kazi Uganda: upande mmoja mfalme wa Uingereza, upande mwingine simba mbele ya milima. Njaa ikibana, mama hufungua fundo auze. Lakini kwanza huisugua kwa majivu ili ing'ae. Hapo ndipo anapopoteza.

Fedha hubadilika rangi ikikutana na salfa iliyo hewani, na sisi tunaishi kati ya moshi wa makala na mvuke wa volkano. Rangi ya asili huanza pembeni, polepole: dhahabu, kahawia, buluu, mwisho nyeusi. Wanaokusanya sarafu za kale huipenda, kwani huonyesha kwamba sarafu haikuguswa. Majivu huacha mikwaruzo isiyofutika. Rangi ya kupakwa na wajanja hukaa mabaka mabaka.

Kupima uchakavu, inamisha sarafu kwenye mwanga. Tazama palipoinuka, kwani ndipo panapolika kwanza: taji au nywele za mfalme, na manyoya ya shingoni mwa simba. Yakionekana wazi, ni nzuri. Yakiwa laini kama kokoto ya mtoni, imetembea sana mikononi mwa watu.

Kisha soma mwaka. Shilingi ya simba ya 1921 hadi 1946 ina robo tu ya fedha, karibu gramu 2. Ya 1948 na kuendelea haina fedha kabisa. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba una utajiri, wala asikunyang'anye kwa bei ya unga wa siku moja.

Ishike kwa ukingo, ifunge katika karatasi safi na kavu. Tukiamua kuuza, twende wawili, tuulize wanunuzi zaidi ya mmoja. Bei ya kwanza si bei.