Nta Juu ya Nta: Kutunza Rangi ya Gari Katika Jua la Kasese

Kurutu hafundishwi kung'arisha buti kwa siku moja. Hupaka kiwi kidogo, husugua, huongeza tone la maji, kisha hupaka tena, hata vitundu vya ngozi vijae na ncha ya buti ioneshe uso wa mtu kama kioo. Kiwi, iliyobuniwa mjini Melbourne, Australia, mwaka 1906, ni nta iliyochanganywa na mafuta na rangi. Nta ngumu ya kopo ipakwayo magari ni ndugu yake. Ndiyo maana wengi waliozoea nidhamu ya buti hudhani kwamba gari likipakwa nta mara kumi litang'aa mara kumi. Dhana hiyo huwapotezea watu nta nyingi na jasho jingi, na wakati mwingine huwaharibia rangi yenyewe.

Ngozi ina vitundu vya kujazwa. Rangi ya gari iliyo nzima haina. Nta ya gari ni ngao nyembamba, iliyowekwa ili iliwe na jua, vumbi na mvua badala ya rangi iliyo chini yake.

Ngao hiyo ina kazi kubwa katika barabara ya Kasese hadi Bwera. Njia hushuka katika uwanda wenye joto, hufika Kikorongo karibu na mstari wa Ikweta, hukata mbuga ya Queen Elizabeth, kisha huelekea mpakani Mpondwe, ambako ng'ambo ni Kasindi ya Kongo. Wadudu wa mbugani hupasukia kwenye boneti na kukaukia hapo. Malori ya mpakani hutimua vumbi na kurusha vijiwe. Upande mmoja liko Ziwa Katwe, ambako chumvi huvunwa tangu zamani. Na chumvi ikipata mahali rangi ilipobanduka, kutu haikawii.

Mwenye gari la mbio la zamani ana sababu zaidi ya kujihadhari. Afrika Mashariki inayakumbuka magari hayo kwa heshima: mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mashindano ya Safari akiendesha Datsun 240Z. Lakini gari kama hilo halipatikani tena kwa urahisi. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda huzuia, kwa kawaida, kuingiza nchini gari lililopita umri wa miaka 15. Kwa hiyo lililopo ndilo la kutunzwa. Rangi yake ya kiwandani, pamoja na tabaka zake zote, unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na kila linaposuguliwa kwa dawa ya kung'arisha hupungua. Rangi hiyo ni akiba: hutolewa tu, hairudishwi.

Na afikiriwe polisi mstaafu wa Bwera, aliyeweka gari lake chini ya mwembe kwa miaka mingi. Mpwa wake anamjia na donge la nta ya nyuki kutoka milimani.

"Mjomba, kwa nini ununue kopo la dukani? Nta si hii hapa?"

"Mwanangu, hiyo ni nta kweli," mzee atamjibu, "lakini ipeleke Kasese saa saba mchana uone kama itakaa."

Mzee ana haki. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi kama 62 hadi 64 za Selsiasi, na bati jeusi lililoanikwa juani huweza kufikia joto hilo. Hapo nta hulainika na kunasa vumbi. Nta ya kanauba, itokayo katika majani ya mti wa jamii ya mnazi huko kaskazini-mashariki mwa Brazil, huyeyuka baada ya nyuzi 80. Ndiyo ambayo watengenezaji wengi wa nta bora za magari huitegemea.

Kazi yenyewe huanza kwa maji. Gari lioshwe kivulini kuanzia juu kwenda chini, kwa sabuni ya magari, si ya kufulia. Ziwepo ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudishwe kwenye rangi. Wadudu waliokauka walowekwe kwa kitambaa chenye maji, wasikwanguliwe. Rangi iliyopauka na kutoa unga isafishwe kwanza kwa dawa ya kung'arisha, kwa mkono mwepesi, kwani nta haiponyi kovu. Kwenye magari ya kale yasiyo na tabaka angavu la juu, kitambaa kitashika rangi ya gari. Hilo ni la kawaida, lakini ni ukumbusho kwamba akiba inatumika.

Kisha bati liguswe kwa kiganja. Likiwa la moto, kazi ingoje alfajiri au jioni. Nta ichotwe kidogo kwa sponji na kupakwa sehemu ndogo ndogo, nyembamba kiasi cha kuonekana kama ukungu. Ikikauka, ijaribiwe kwa kidole: ikifutika bila kuacha utelezi, ifutwe kwa kitambaa laini, kikigeuzwa mara kwa mara. Kitambaa kilichoanguka chini kisirudi kwenye gari hata kikikung'utwa.

Tabaka la pili lingoje saa kadhaa, au kesho yake. Faida yake ni kufunika mahali mkono ulipopitiwa mara ya kwanza. Baada ya hapo methali ya haba na haba hujaza kibaba haina nguvu tena. Kiyeyushi kilichomo katika nta mpya hulainisha ile ya chini, na kitambaa huondoa zote mbili pamoja. Anayepaka mara ya tano hubaki karibu na pale alipokuwa mara ya pili, isipokuwa amesugua rangi mara tatu zaidi bila sababu.

Nta inayobaki koponi itafaa siku za mbele, kwa maana katika jua kama hili ngao hiyo hudumu majuma kadhaa, si mwaka. Dalili huonekana mvua inaponyesha: maji yakisimama kama shanga juu ya boneti, ulinzi upo, yakitandaa na kulala, umekwisha. Hapo gari lioshwe na kupakwa tena tabaka moja jembamba, kabla jua la uwandani halijaanza kuila rangi.