Likizo Prague: Twende Makaburini!

Ukimwambia mwenzi wako kwamba siku ya kwanza ya likizo mnaanza na makaburi, jiandae kukatwa jicho. Mimi nilikatwa. "Yaani tumepanda ndege saa zote hizi kuja kutazama makaburi?" Lakini tulipoingia, ni yeye aliyekuwa hataki kutoka.

Makaburi hayo ya kale ya Wayahudi yapo Josefov, katikati ya Prague, mji mkuu wa Jamhuri ya Czech. Eneo si kubwa, ila lina mawe karibu 12,000, yamebanana na kuegemeana kama abiria wa daladala ya jioni. Jiwe la zamani kuliko yote ni la rabi na mshairi Avigdor Kara, la mwaka 1439.

Kwa nini msongamano huo? Wayahudi walibanwa kwenye mtaa wao, na nafasi ya kuzikia haikutosha. Dini yao nayo hairuhusu kumfukua marehemu ili kumpisha mwingine. Wakafanyaje? Walimwaga udongo mpya juu ya makaburi ya zamani, wakazika juu yake, na mawe ya chini wakayapandisha yasimame pamoja na mapya. Sehemu nyingine zina tabaka hadi 12!

Hata kama husomi Kiebrania, mawe yenyewe yanaongea. Mikono miwili ni ukoo wa makuhani, mtungi ni Walawi. Mwanahistoria David Gans, aliyefariki 1613, amechorewa bata bukini, maana jina lake kwa Kijerumani ndiyo huyo bukini.

Sasa ninyi mnaopendana, mtafuteni Rabi Judah Loew, msomi maarufu aliyefariki 1609. Amelala kaburi moja na mkewe, Perl. Kisha nendeni kwa Hendl Bassevi, aliyefariki 1628. Mumewe Jacob, tajiri aliyepewa cheo cha heshima na Kaizari, alimjengea kaburi la fahari lenye simba. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1634 katika mji mwingine na kuzikwa huko. Hapo ndipo mwenzangu alipokaa kimya.

Mazishi yalikoma mwaka 1787, baada ya Kaizari Joseph II kupiga marufuku kuzika ndani ya mji. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaa wa zamani ulibomolewa na kipande cha makaburi kikamegwa. Mabaya zaidi yalikuja na Wanazi. Jirani tu, kuta za Sinagogi ya Pinkas zimeandikwa majina ya Wayahudi karibu 80,000 wa nchi hiyo waliouawa. Wengi wao ndio wangekuwa wa kuja kufagia makaburi ya wazee wao. Je, kaburi linatunzwa na nani, kama ukoo mzima umefutwa?

Kwa Prague, kazi hiyo inafanywa na Makumbusho ya Wayahudi, yaliyoanzishwa 1906 na kurudishwa mikononi mwa Wayahudi wenyewe mwaka 1994. Si kazi ya kufyeka majani tu. Mawe mengi ya zamani ni ya mchanga, yanaliwa na mvua na moshi wa jiji. Jiwe halisi la Kara limehamishiwa ndani, nje imesimama nakala. Wageni nao wana njia yao maalumu, huzururi unavyotaka.

Mkienda, kumbukeni Jumamosi na sikukuu za Kiyahudi panafungwa, na wanaume hufunika kichwa. Maua si desturi. Mgeni huacha kijiwe kuonyesha kwamba marehemu ametembelewa.

Kabla ya kutoka, mwenzangu aliokota kijiwe, akarudi kwa Hendl na kukiweka taratibu.

"Mume wake yuko mbali," akaniambia. "Acha tumsalimie sisi."