Kufunga na Kufungua

Wahenga walinena kwamba punda afe, mzigo ufike. Methali hii hufundishwa shuleni kwa wepesi mno: mwalimu huieleza maana ya nje na ya ndani, wanafunzi wakainakili, kisha somo likaendelea. Ni nadra mtu kuuliza habari za punda mwenyewe. Katika kaya moja ya Mwatate, kaunti ya Taita Taveta, methali hiyo ilikaribia kutimia kikamilifu wakati wa likizo moja ya mwaka 2019, na aliyekaribia kuitimiza hakuwa mtu katili. Alikuwa mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa pili, aliyerudi kupumzika kwa babu yake.

Mwatate imekaa chini ya milima ya Taita, katika njia itokayo Voi kwenda Taveta. Huko juu milimani kuna ukungu, mashamba ya mboga na vijito. Huku chini nyika hukauka hata ardhi ikapasuka. Kaya ile ilikuwa huku chini. Maji yalitoka mbali, na aliyeyaleta ni punda jike wa rangi ya majivu, mtungi mmoja wa lita 20 ubavu huu na mwingine ubavu ule, asubuhi na jioni. Majirani wawili wazee nao walimtegemea. Kwa hiyo mguu wa punda huyo ukiuma, nyumba tatu hulala na kiu.

Mguu wenyewe uliumizwa na kamba. Mwatate ni nchi ya mkonge. Mashamba yake ni ya miaka mingi, na kamba ya katani haikosekani katika boma lolote. Ni kamba imara na rahisi, lakini si rafiki wa ngozi. Punda alifungwa mguu wa mbele usiku ili asipotee, akavuta kutwa kucha, na nyuzi zikakata nyama juu kidogo ya ukwato. Mwanafunzi alipoliona jeraha alihuzunika. Akaliosha haraka kwa maji ya birika, akanunua bendeji ya kunyumbuka dukani, akauzungushia mguu na kuikaza kwa nguvu zake zote, maana aliamini kwamba kukaza ndiko kutibu. Babu alipomwuliza kama kazi imekwisha, alijibu kwa furaha, “Imekwisha, Babu. Nimemfunga vizuri.” Asubuhi ya pili akapanda matatu kwenda Voi kuwatembelea marafiki, akakaa huko siku nne.

Aliporudi, punda alikuwa amesimama chini ya mti, ukwato umegusa ardhi kwa ncha tu. Juu ya bendeji mguu ulikuwa umevimba. Chini yake kulikuwa na harufu. Punda hapigi kelele anapoumwa. Aghalabu huinamisha kichwa akanyamaza, na mwenye haraka hudhani amepumzika. Jioni hiyo jirani mmoja alishauri auzwe kabla hajaanguka. Ushauri huo haukuwa mzaha, kwani wanunuzi walikuwapo. Machinjio ya punda yaliyoanza kufunguliwa nchini Kenya mwaka 2016 yalikuwa bado yakifanya kazi, na ngozi zilisafirishwa hadi Uchina kutengenezwa gundi inayotumika kama dawa. Serikali ilitangaza marufuku mwezi Februari 2020, na mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Lakini jioni ile hayo yote yalikuwa hayajatokea, na punda kiwete alikuwa na bei. Babu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Huyu hauzwi kwa kosa letu.” Akaagiza aitwe daktari wa mifugo.

Daktari alikuja kesho yake. Hakuanza kwa dawa, alianza kwa kufungua. Aliilowesha bendeji kwa maji ya uvuguvugu ili ising'oe ngozi, akaitoa pole pole, mzunguko baada ya mzunguko, na chini yake ukaonekana mstari uliobonyea nyuma ya mguu, manyoya yamekwanyuka. Akamwambia mwanafunzi aupapase mguu ule kuanzia goti kwenda chini. “Umegusa nyama?” aliuliza. Mwanafunzi akajibu hapana. Naam, hiyo ndiyo siri ya mguu wa punda, kama ulivyo wa farasi: chini ya goti hakuna msuli, ni mfupa, kano na ngozi tu. Kitambaa kikikazwa hapo bila kitu laini chini yake, kinaikaba kano yenyewe na kuizuia damu, ambayo hata siku za kawaida hufika huko kwa uchache. Ndiyo maana jeraha la sehemu hiyo hupona polepole, na pengine huota nyama ya ziada inayokataa kufunikwa na ngozi.

Somo lililofuata halikuhitaji vifaa vya ghali. Jeraha lioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko viwili vidogo vya chumvi kwa kila lita. Juu ya jeraha liwekwe shashi safi lisilonata. Juu ya shashi liviringishwe tabaka nene la pamba, lipite juu na chini ya mahali bendeji itakapoishia. Ndipo ije bendeji, izungushwe kwa mkazo ulio sawa, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, bila mkunjo wala fundo juu ya kano. Mwishoni kidole kimoja kiweze kupenya ukingoni. Kisipopenya, kazi ianzwe upya. Kitambaa kilichotumika kioshwe kwa sabuni, kisuuzwe mpaka povu liishe, kianikwe juani na kuviringishwa kikiwa kikavu kabisa. Kikichakaa kikapoteza mnyumbuko, kiende kufungia magunia. Zaidi ya yote, bendeji ikaguliwe kila siku, na ibadilishwe ikilowa, ikiteleza, ikinuka, au punda akianza kuing'ata.

Kisha akamdunga punda sindano ya kinga ya pepopunda. Mwanafunzi alishtuka kidogo kwa neno hilo, ambalo alilijua tangu utotoni bila kulitafakari. Farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa upesi na ugonjwa huo, na kidonda cha mguuni, kinachokanyaga udongo na samadi, ni mlango wake. Waliolitunga jina lile walikuwa wamemtazama punda kwa makini kuliko waliotunga methali.

Babu alikuwa amekaa pembeni juu ya jiwe. Mikono ya daktari ilimkumbusha masimulizi ya baba yake kuhusu reli ipitayo Mwatate, iliyojengwa na jeshi la Waingereza mwaka 1915 kutoka Voi kuelekea Maktau, wakati Wajerumani walipokuwa wameikalia Taveta. Askari walipita wamejizungushia miguu yao vitambaa virefu kutoka kifundoni hadi gotini, desturi iliyotoka Bara Hindi, ambako kitambaa hicho huitwa patti, neno lilo hilo la bendeji. Walileta farasi na nyumbu wengi. Hata hivyo wanyama hao hawakuuawa na risasi zaidi ya walivyouawa na maradhi: mbung'o waliwaambukiza nagana, na visubi wakawaletea tauni ya farasi. Hakuna kitambaa kilichofaa kitu. Wanyama walipokwisha, mzigo ulihamia mabegani mwa watu, wale wapagazi ambao jina la kikosi chao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe, zaidi ya wapagazi 40,000 wa upande wao walikufa. “Mzigo ulifika,” babu alisema, na hakuongeza neno.

Usiku huo mwanafunzi hakulala mapema. Muhula uliopita alikuwa amefanya mtihani wa sarufi na kupata alama nzuri katika mnyambuliko wa vitenzi. Aliijua kauli ya kutendua: ziba huzaa zibua, kunja huzaa kunjua, tega huzaa tegua, na mfano ambao kila mwanafunzi huutoa kwanza, funga huzaa fungua. Aliandika mfano huo mara nyingi bila kuona uzito wake. Kamba ya katani ilimfunga punda, hakuna aliyekwenda kufungua. Bendeji ilifunga jeraha, na yeye mwenyewe hakubaki kuifungua. Nia ya kamba na nia ya bendeji zilikuwa tofauti kabisa, lakini punda hakuipokea nia. Alipokea mkazo. Alipomwambia babu yake kwamba amemfunga vizuri, alisema kweli, tena alisema nusu tu ya kitenzi.

Siku zilizosalia za likizo alizitumia katika nusu ya pili. Kila asubuhi alipapasa mguu juu na chini ya bendeji akitafuta joto na uvimbe. Alifungua, akaosha, akakausha, akafunga upya. Babu aliitupa ile kamba, akashona ukanda mpana wa turubai uliofunikwa blanketi kuukuu, na punda akawa anafungwa kwa hatamu kichwani, si mguuni tena. Maji yaliletwa kwa mikokoteni ya kukodi na kwa vichwa vya watu, yakawa haba, na hakuna aliyelalamika mbele ya punda. Likizo ilipokwisha kabla ya jeraha, mwanafunzi alimkalisha dada yake mdogo kando ya mguu ule, akamfundisha kwanza kufungua, ndipo akamfundisha kufunga.

Kidonda kilichukua wiki nyingi. Kilipopona, manyoya yaliyoota mahali pake yalikuwa meupe, mfano wa pete juu ya ukwato. Punda alirudi kisimani, mwanzo kwa mtungi mmoja, hatimaye kwa miwili. Methali itaendelea kufundishwa, na pengine ni haki yake, kwa kuwa imebeba historia ya mengi yaliyofika kwa gharama ya waliobeba. Lakini katika kaya ile ya Mwatate, atakayeitamka hutazamwa kwanza, kisha huonyeshwa pete ile nyeupe, na huulizwa swali ambalo darasani halikuulizwa: mzigo wa kesho ataubeba nani?