Maji Yaliyobeba Dawa

Wasomaji wetu, sisi tunaofundisha tumezoea kuletewa chupa za dawa tuzisome. Watu hutuuliza: Ni vijiko vingapi? Ni mara ngapi kwa siku? Maswali hayo ni mema, wala hatuchoki kuyajibu. Lakini liko swali moja ambalo ni nadra kulisikia: Dawa hii imeyeyushwa katika nini? Twataka kulieleza leo, kwa kuwa ndani yake mna uhai wa watoto.

Yafaa kujua kwanza ya kuwa dawa ya maji ni vitu viwili. Iko dawa yenyewe, ambayo mara nyingi ni unga kidogo tu. Na uko umajimaji unaoibeba. Unga mwingine huyeyuka katika maji matupu kama chumvi iyeyukavyo. Mwingine hukataa, ukatuama chini. Hapo mtengenezaji hutafuta kiyeyushi, yaani umajimaji wenye nguvu ya kuuyeyusha: spiriti, au gliserini, au ule uitwao propilini glaikoli. Vitu hivyo vikiwa safi na kwa kipimo chake hutumika bila hatari. Kisha hutiwa shira ya sukari, mtoto asiteme. Basi katika kijiko kimoja, sehemu kubwa ya kile amezacho mtoto si dawa, bali ni kile kilichoibeba.

Mwaka wa 1937, katika mji wa Bristol, jimbo la Tennessee huko Marekani, kampuni ya S. E. Massengill ilitaka kuuza sulfanilamidi ya maji. Dawa hiyo ilikuwa imekwisha kuponya wengi, ikiwa vidonge na unga. Mkemia wao aliona kwamba huyeyuka vizuri katika dietilini glaikoli. Wakaipima rangi, harufu na ladha, yote yakawapendeza. Hawakupima kama inaua, wala sheria ya siku zile haikuwalazimisha. Ikauzwa tangu Septemba, na watu zaidi ya 100 wakafa, wengi wao watu wazima, lakini watoto pia 34. Wakaguzi wa serikali waliifuata duka kwa duka na nyumba kwa nyumba, hata wakapata karibu yote iliyosalia.

Tazameni jambo la ajabu. Kosa ambalo serikali iliweza kuishtakia kampuni hiyo lilikuwa la jina tu. Chupa iliitwa eliksiri, na neno hilo lilimaanisha dawa yenye spiriti, nayo haikuwa na spiriti. Lau ingaliitwa jina jingine, wakaguzi wasingalikuwa na haki ya kuikamata. Ndipo mwaka wa 1938 ikatungwa sheria mpya Marekani, ya kwamba mtengenezaji aonyeshe kwanza kuwa dawa yake ni salama, ndipo aiuze.

Dietilini glaikoli ni mdanganyifu. Haina rangi, ni nzito kidogo, ni tamu. Kwa macho na kwa ulimi hufanana na gliserini, tena ni rahisi kwa bei. Kazi yake ni viwandani na katika maji ya breki za magari. Ikiingia mwilini hugeuka asidi inayoharibu figo. Mgonjwa hutapika, huumwa na tumbo, mkojo hupungua, kisha hukoma.

Mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya kale. Nchini Nigeria, mwaka wa 2008 na 2009, watoto 84 walikufa kwa dawa ya maji ya kutuliza maumivu ya meno yanayoota. Mwaka wa 2022 watoto wapatao 70 walikufa Gambia, na huko Indonesia zaidi ya 200. Mara nyingi chanzo ni kimoja: pipa la kiyeyushi limepitia mikono ya wachuuzi wengi, mmoja amelibadili au kulichanganya apate faida, na kiwanda kimeamini karatasi bila kupima. Sumu hiyo hairuhusiwi kuzidi sehemu 0.10 katika mia ya gliserini. Kipimo si kigumu. Kigumu ni moyo wa kukifanya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata kwetu onyo limefika. Aprili 2024 wakuu wa dawa wa Nigeria walitangaza kuona sumu hiyo katika dawa moja ya kikohozi ya watoto. Kenya, Tanzania na Rwanda zikaagiza chupa zake ziondolewe madukani. Mwenye dawa alisema kwamba vipimo vyake havikuiona. Hata hivyo, ni afadhali chupa itolewe rafuni kabla ya mtoto kuugua.

Nyumba zetu haziwezi kupima viyeyushi, lakini hazikosi la kufanya. Nunueni dawa katika duka lenye kibali, chupa ikiwa haijafunguliwa, yenye jina la mtengenezaji, nambari ya toleo na tarehe ya mwisho. Msikubali dawa iliyomiminwa katika chupa nyingine. Mtoto mdogo mwenye kikohozi msimpe shira yo yote kabla ya kumwuliza mganga, maana vikohozi vingi hupona vyenyewe. Na mkimpa dawa ya maji, angalieni mkojo wake. Akianza kutapika na mkojo ukapungua, msingoje kesho: mpelekeni hospitali siku ile ile, na chupa mwichukue pamoja naye, hata ikiwa tupu. Tone lililobaki humjulisha daktari yaliyomo, naye aweza kuwaonya wengine ambao chupa kama hiyo ingali nyumbani mwao.