Majirani Hawakuwapo, Moto Ulikuwapo

Shangazi yangu, aliyeishi na skizofrenia tangu ujana wake, alianza kulalamika kwamba majirani wanampangia makaa mgongoni kila usiku. Wengi waliomsikia walisema ni yale yale ya siku zote, aongezewe dawa za akili. Kumbe saratani ya titi ilikuwa imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Majirani hawakuwapo, ila moto ulikuwapo.

Hilo naliona ndilo jambo kubwa kuliko dawa yoyote: mgonjwa wa akili anaweza kukosea chanzo cha maumivu yake, na bado maumivu yakawa ya kweli kabisa.

Muuguzi wa tiba shufaa aliyetutembelea hakubishana naye. Alimwuliza moto unaanzia wapi, unashuka hadi wapi, unazidi saa ngapi. Vipimo vya maumivu vya sifuri hadi 10 vilimchanganya shangazi, vikaachwa. Badala yake tuliulizwa sisi tunaolala naye: anakunja uso akigeuzwa? Amekataa chakula? Upande gani haulalii?

Akaanzishiwa mofini ya maji, kila baada ya saa 4, bila kusubiri alie kwanza, pamoja na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Haloperidoli aliyokuwa akimeza kutuliza zile sauti iliendelea. Nilifarijika kujua kwamba hiyo hiyo hupunguza kichefuchefu cha mofini.

Kazi ilikuwa kumpa hiyo mofini. Aliamini ni sumu. Ndugu mmoja alipendekeza tuichanganye kwenye uji, na muuguzi akakataa katakata: akigundua mara moja tu, hatapokea tena hata maji kutoka mikononi mwenu. Basi binti yake shangazi peke yake ndiye akawa anampa, kwa kikombe kile kile, akimtajia kila mara, “Mama, hii ni ya mgongo.” Alikuwa akinywa taratibu, akimtazama.

Baadaye aliamka siku moja hatutambui, anapapasa hewani. Kuchanganyikiwa kwa ghafla namna hiyo si lazima kuwe ugonjwa wa zamani. Kunaweza kuletwa na dozi, na maambukizi, hata na kalsiamu kuzidi kwenye damu saratani inapokula mifupa. Alipimwa, ikaonekana ni maambukizi ya mkojo. Alitibiwa hayo, na namshukuru daktari aliyemtibu kwamba mofini hakuikata.